Ndege ya injini nne ndani ya chumba chetu

Tangu mwezi uliopita napokea simu na ujumbe wenye swali moja tu: "Mwandishi, ile ndege yako iko wapi? Iliruka?" Wengine wanauliza wakicheka, wengine bado wana woga ndani ya sauti. Mama mmoja aliyekaa Bulengo karibu miaka miwili, na ambaye sasa amerudi upande wa Karuba, aliniambia watoto wake wanaisimulia kila siku na majirani hawawaamini. "Andika basi," akasema, "wajue hatusemi uongo."

Kwa kawaida ninaandika hapa juu ya bei ya maharage, barabara zilizofungwa na maji yasiyotoka bombani. Leo mniruhusu niandike juu ya kitu changu mwenyewe, na juu ya kosa langu, maana wapo kati yenu walioumia kwa ajili yake.

Niseme kwanza ni kitu gani. Ni mfano wa ndege ya abiria aina ya DC-4, ndege ya zamani ya injini nne za propela. Bawa lake kutoka ncha hadi ncha ni sentimeta 298, na kutoka pua mpaka mkia ni sentimeta 238. Uzito wake pamoja na batri ni kilo 7,6. Tuliupima kwenye mzani wa mama anayeuza maharage jirani yetu, naye akataka kujua kilo moja nitaiuza bei gani. Ndege hii haikutoka dukani ndani ya boksi. Kila kipande kilichorwa, kikakatwa na kubandikwa nyumbani kwetu, isipokuwa mota, batri na vyombo vya rimoti. Haipiti mlangoni mpaka utoe mabawa. Mke wangu amelala miaka mitatu na mkia wake ukiwa juu ya kichwa chake.

Nimezaliwa Goma na nimekulia Birere, pale ambapo ndege zikishuka unaona hata matairi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kufunika karibu kilometa moja ya kiwanja cha ndege upande wa kaskazini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baadaye tulipokuwa tunapenya kule, tulikuta ndege kuukuu zimeachwa pembeni, hazina injini wala viti. Watoto wa wakati wangu wengi walicheza ndani yake. Mimi sikupenda kukaa kwenye nafasi ya rubani kama wenzangu. Nilipenda kuingiza kichwa ndani ya bawa lililopasuka na kutazama limejengwaje. Nilishangaa kukuta karibu ni tupu: mbavu nyembamba za aluminiamu zenye matundu, na ngozi juu yake. Nilikuwa nimefikiri bawa ni chuma kizito kama reli.

Kutengeneza magari ya waya na makopo kila mtoto wa hapa anajua, na chukudu za kuchezea pia. Mimi nilikuwa natengeneza ndege kwa mashina ya mipapai. Hazikuruka. Baadaye masomo, kisha kozi ya uandishi wa habari, kisha redio, na nikasahau.

Mwezi wa tano 2021 volkeno ikalipuka tena. Wakaja wageni wengi wenye droni za kupiga picha, na mmoja wao, niliyekuwa ninamwongoza kama mkalimani, droni yake ikaangukia kwenye mawe yaliyokuwa bado na moto. Aliniachia mabaki. Mota nne zilikuwa nzima. Nilipoziweka mezani, nne, kwa mstari, nikajua ninataka kufanya nini. Kumbe zilikuwa ndogo mno kwa ndege ya ukubwa huu, lakini hilo nililijua baada ya mwaka, na nilikuwa nimeshachelewa kuacha.

Watu wananiuliza kwa nini sikutengeneza Boeing au Airbus, ndege ambazo watu wanazijua. Sababu ya kwanza ni umeme. Ndege ya jeti katika mfano mdogo inataka feni zinazozunguka kwa kasi sana ndani ya bomba, nazo zinakula batri kama mgonjwa wa minyoo anavyokula ugali. Propela kubwa inayozunguka polepole inavuta vizuri zaidi kwa umeme uleule. Sababu ya pili ni umbo. Mwili wa DC-4 ni bomba la mviringo ambalo katikati halibadiliki unene, kwa hiyo ukishakata pete moja vizuri, zile za katikati zote unazikata kwa kufuata hiyo. Sababu ya tatu ni kwamba ndege hii ni ya kwetu pia. Air Congo ilipoundwa mwaka 1961 ilikuwa na DC-3, DC-4 na DC-6, kabla haijaitwa Air Zaïre mwaka 1971. Na ni ndege iliyozoea kazi ya shida. Berlin ilipofungiwa barabara na reli mwaka 1948, ndege za aina hii, zile za jeshi zilizoitwa C-54, zilibeba makaa, unga na viazi mpaka mwaka uliofuata. Nilipokuwa nasoma habari hiyo, Goma barabara zake zilikuwa zinafungwa moja moja.

DC-4 ya kweli ina bawa la mita 35,8 na urefu wa mita 28,6. Nikagawa kwa kumi na mbili. Rafiki yangu fundi redio aliniambia nigawe kwa ishirini niwe na amani nyumbani. Alikuwa na haki. Lakini mfano mdogo sana hauruki kwa heshima ya ndege kubwa. Unarukaruka kama nzige. Mkubwa unakwenda taratibu, na ndiyo sura niliyoitaka.

Mwili na mabawa ni frigolite, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi za friji na televisheni. Wafanyabiashara wa Birere walikuwa wanaitupa au wanaichoma. Walipojua kuna mjinga anaitaka wakaanza kuiuza. Kuikata nilitumia uzi wa gitaa niliouvuta kwenye upinde wa mti na kuupasha moto kwa batri ya gari. Uzi ukipata joto la kutosha unapita kama kisu ndani ya siagi. Ukizidi moto unachimba mashimo, ukipoa unakwama. Bawa moja nilianza kulikata saa mbili usiku. Umeme wa kuchaji batri ulipokatika, uzi ukapoa katikati, na kipande chote kikawa cha kutupa.

Makosa yalikuwa mengi na mengine yananifanya nicheke hata leo. Nilibandika mkia wa kwanza kwa kole ya viatu. Asubuhi nikakuta kole imekula frigolite, imebaki ngozi kama ya maziwa. Mkia wa pili niliupulizia rangi ya kopo, nayo ikauyeyusha mbele ya macho yangu. Baada ya hapo nilitumia kole nyeupe ya maseremala tu, na rangi ya maji.

Frigolite peke yake ni dhaifu. Dawa yake ni karatasi ya kaki. Mimi nilitumia karatasi za mifuko ya simenti: unazikung'uta vizuri, unazilowesha kwa kole nyeupe iliyochanganywa na maji, unazitandaza juu ya frigolite bila mikunjo. Zikikauka zinajikaza na bawa linakuwa gumu kama ubao, na uzito unaongezeka kidogo tu. Ndani ya bawa kuna bomba la aluminiamu linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Bomba hilo ni mguu wa antena kuukuu ya redio yetu iliyopigwa na radi. Mkurugenzi aliniruhusu niuchukue. Matairi ni soli za kandambili, na vyuma vinavyosukuma usukani wa mkia ni spoku za baiskeli.

Mahali niliposumbuka zaidi ni hewa yetu. Goma iko karibu mita 1550 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na siku ya joto zaidi ya hapo. Maana yake bawa lilelile linabeba kidogo, na propela inashika kidogo. Wenye kutengeneza ndege hizi Ulaya wanaandika hesabu zao kwa hewa ya kwao. Ndege yangu ina eneo la bawa la desimeta mraba 94, kwa hiyo kila desimeta mraba inabeba gramu 80 hivi. Nikapiga hesabu kwa hewa ya hapa: chini ya kilometa 43 kwa saa hivi, haiwezi kubaki angani. Kwa hiyo inahitaji uwanja mrefu kuliko niliofikiri, na ncha za mabawa nilizikunja kidogo, ukingo wa nyuma ukiwa juu kwa digri mbili, ili ikipungua mwendo ncha zisiishiwe nguvu kabla ya katikati. Bawa likianza kuishiwa kwenye ncha, ndege inajipindua upande mmoja na hakuna rimoti itakayoisaidia.

Jambo jingine linahusu injini zenyewe. Ukiwa na mota nne na batri mbili, mtu wa kawaida atafunga batri ya kulia kwa mota mbili za kulia, na ya kushoto kwa za kushoto. Hapo batri moja ikifa, ndege inavutwa upande mmoja tu, inazunguka na kuanguka. Unatakiwa ufunge batri moja kwa mota mbili za nje, moja kila upande, na nyingine kwa mbili za ndani. Batri moja ikifa nguvu inapungua nusu, lakini ndege inabaki imenyooka na unaweza kuirudisha. Sikubuni hilo mwenyewe, nililisoma. Lakini siku nilipolielewa niliamka saa nane za usiku kuamsha mke wangu nimweleze.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na bati la jikoni linalovuja, lenyewe linahitaji injini ngapi?"

Mota zilitoka Kampala. Nilinunua mbili mbili, kwa miaka miwili, dola thelathini na tano kila moja. Zile za kwanza zilipita Bunagana. Mwezi wa sita 2022 Bunagana ikaanguka na njia ile ikafungika. Za mwisho zilizunguka kupitia Rwanda ndani ya boksi la viatu, na mtu wa mpaka alinifanya nieleze mara nne kwamba si za mashine ya kusaga.

Mwishoni mwa mwaka huo vita vilifika Kibumba na watu wakateremka Goma kwa miguu. Ndani ya kiwanja chetu tukapokea familia moja: mzee, mke wake, binti yao na wajukuu watatu. Tulikuwa tunakaa saba, tukawa kumi na tatu. Mzee yule alikuwa seremala. Alikimbia na randa yake moja tu, ameifunga kwenye shuka pamoja na nguo za watoto. Siku ya tatu aliniona nakata mbavu za bawa kwa kisu cha jikoni. Alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "unaua huo mti."

Kuanzia hapo mbavu zote, pete za tripleksi na miguu ya matairi ni kazi ya mikono yake. Alikuwa hajui ndege, lakini alijua uzito unapita wapi ndani ya kitu cha mti. Mahali nilipoweka skurubu sita, aliweka kigingi kimoja na kole. Alinipunguzia karibu nusu kilo. Jioni nyingine hatukuongea neno. Aliwahi kuniambia kwamba akiwa na randa mkononi anasahau kwamba nyumba yake haina tena mlango, na mlango huo aliutengeneza mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo sikulisema redioni. Mwezi wa tatu 2023, watu kutoka Masisi walipojaa Bulengo na Lushagala, nilikwenda kufanya ripoti. Mnakumbuka mabashi yale juu ya mawe ya lava. Mama mmoja aliniuliza kama ninafahamu mahali pa kupata boksi au frigolite ya kutandika chini, maana mtoto wake analala juu ya mawe na asubuhi mbavu zinamuuma. Nyumbani nilikuwa na vipande vinane vikubwa vizuri, unene sentimeta tano. Nilivitafuta miezi minne. Nilimpelekea viwili. Sita vilibaki kuwa bawa. Nimehesabu jambo hili mara nyingi kuliko nilivyohesabu uzito wa ndege.

Katikati ya 2024 ilikuwa tayari. Tuliipaka rangi nyeupe juu na ya fedha chini. Watoto wa kiwanja walitaka iandikwe jina. Wale wetu wakataka jina la timu ya mpira, wajukuu wa mzee wakataka Kibumba. Tuliandika Kibumba, kwa herufi za buluu, karibu na mlango wa abiria.

Sikuwa na nia ya kuirusha. Si mjinga kiasi hicho. Mwezi wa pili mwaka huo kiwanja cha ndege kilipigwa usiku, na tarehe 3 Mei mabomu yalianguka kwenye kambi za Mugunga na Lac Vert. Nilikuwa huko siku ile na kinasa sauti. Nilitaka tu kuikimbiza chini, nione kama inakwenda moja kwa moja na kama mota nne zinaitikia pamoja. Nikamwomba ruhusa shefu wa avenue, akakubali. Nikachagua Jumapili asubuhi, uwanja wa mpira uliokuwa mtupu. Uwanja huo ulikuwa na mabashi ya wahami nyuma ya ukuta, mita kama mia mbili.

Nilipima rimoti kama inavyotakiwa: unapunguza nguvu ya mawimbi, unatembea hatua thelathini, unaangalia usukani kama bado unatii. Ulitii. Nikafunga batri. Nikasukuma kijiti mpaka nusu, ndege ikaanza kukimbia, na ilikuwa nzuri, sitaficha. Pua ilinyooka, matairi ya mbele yakaanza kuwa mepesi. Mzee alipiga makofi.

Propela nne zikizunguka pamoja hazitoi sauti ya ndege. Zinatoa sauti moja, nyembamba, ndefu, inayopanda na kushuka. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona ndege nyeupe yenye jina la buluu. Waliokuwa nyuma ya ukuta hawakuiona. Waliisikia.

Sekunde chache tu na nikasikia kelele. Watu walikuwa wanatoka ndani ya mabashi wakikimbia kuelekea barabarani, mama wamebeba watoto kichwa chini, mwanamume mmoja anapiga kelele "Droni! Lala chini!" Nilizima mota palepale, lakini sauti ilikuwa imeshafanya kazi yake. Katika kukimbia kule, mama mmoja alijikwaa kwenye mawe akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Ni yeye yule aliyenipigia simu mwezi uliopita na kuniambia niandike.

Wenye silaha walifika haraka. Mimi na mzee tulipelekwa kwenye ofisi moja ya usalama na tukakaa mpaka jioni. Walifungua tumbo la ndege wakitafuta bomu na wakakuta frigolite na nyaya. Kijana mmoja kati yao, alipoona hakuna kitu, aliniomba kwa sauti ya chini nimwonyeshe mkia unavyogeuka. Mkubwa wake akamfukuza. Tulilipa faini isiyo na risiti, tukarudishiwa ndege, batri zikabaki kwao wiki tatu. Kilichoniumiza ni kuona mzee wa umri ule akivuliwa viatu kwa ajili ya mchezo wangu.

Kesho yake asubuhi niliomba msamaha hewani. Baadhi ya wenzangu waliona si vizuri, kwamba redio haitakiwi kuwa habari yenyewe. Nilisoma mistari mitano, nikataja uwanja, nikasema ile sauti ilikuwa yangu. Mchana tukaenda na mzee kwa yule mama, mkono wake ukiwa tayari na plasta. Nilikuwa nimebeba fedha za dawa na maneno niliyoyapanga vizuri. Hakuniacha niyamalize.

"Mimi si ndege iliyonikasirisha," akasema. "Ninyi wa redio ndio mlitufundisha kuisikiliza. Kila jioni: mkisikia sauti hii, laleni chini, tokeni mbali na ukuta. Tukasikiliza. Halafu ninyi wenyewe mnakuja kuilia nyuma ya mabashi yetu."

Ni kweli, tangazo lile nililisoma mimi, zaidi ya mara ishirini. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Mzee ndiye aliyeongea, akamweleza ndege ni nini, nani aliichonga, na kwamba imeandikwa Kibumba. Mama akanyamaza. Kisha akasema watoto wake wameanza kukojoa kitandani tangu jana, na kwamba ingekuwa bora waione, waishike, wajue ni karatasi ya simenti.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata tuliibeba mpaka kambini, watu wanne, kama jeneza. Nilitoa propela zote nne na kuziacha nyumbani. Batri kubwa hazikuwepo, nilitumia ndogo inayotosha kugeuza usukani tu. Watoto walipanga mstari. Kila mmoja alipewa rimoti, akageuza mkia kushoto, kulia, akapandisha na kushusha vipande vya bawa. Tulianza saa tatu, tukamaliza saa nane na nusu, na mstari ulikuwa bado. Mvulana mmoja aliniuliza kama ndani kuna watu. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini basi ina madirisha. Mtoto wa yule mama alikataa kuigusa kabisa. Alikaa mbali na mama yake mpaka tulipoanza kuondoka, ndipo akaja mbio akaweka mkono juu ya pua ya ndege, akaurudisha haraka, akakimbia.

Mnajua yaliyofuata. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini. Tulilala chini siku tatu, watu kumi na tatu katika chumba kimoja, chini ya bawa la kushoto. Risasi moja ilitoboa bati, ikapita ndani ya bawa kati ya ubavu wa tano na wa sita, ikaingia ukutani. Tundu la kuingilia ni dogo kama kidole, la kutokea ni kubwa kidogo. Sijaliziba. Mke wangu, ambaye kwa miaka mitatu alisema ataipasua awashie jiko, ndiye aliyekataa nisiliguse.

Mwezi wa pili makambi yaliondolewa na watu wakatawanyika, wengine kwao, wengine wanajua wenyewe wapi. Mzee alirudi Kibumba na randa yake. Asubuhi ya kuondoka aliingia chumbani peke yake, akakaa kidogo, akatoka bila kusema kitu. Baadaye niligundua amekaza vigingi vya miguu ya matairi, vilikuwa vimelegea. Sasa anajenga milango tena, ya kwake kwanza. Tangu wakati ule sijasikia ndege ya abiria ikishuka Goma. Watoto wetu wadogo hawajui tena sauti ile niliyoamkia mimi Birere.

Basi hilo ndilo jibu kwa walioniuliza. Ndege iko ndani ya nyumba, inaning'inia kwenye boriti kwa kamba nne. Haijaruka. Ikifika siku ya kuirusha nitatangaza redioni siku tatu mfululizo kabla, nitataja saa na mahali, na itakuwa mbali na watu. Mama wa Karuba ameniomba nimpigie simu yeye wa kwanza, na nimekubali.

Propela ziko kabatini ndani ya gazeti. Batri ziko nje, ndani ya chungu cha mchanga, kwa sababu batri za aina hii zikiharibika zinawaka moto. Haziwekwi zikiwa zimejaa wala zikiwa tupu. Kila seli inatakiwa ikae karibu na voliti 3,8, na mimi ninazipima Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Juzi zilikuwa sawa zote, isipokuwa seli moja ya batri ya mota za nje. Ilikuwa 3,71. Nimeagiza nyingine.